Upande wa Pili wa Godoro

Tarehe 3 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini naitikia kabisa tusipoteze muda. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua kama kawaida yake na mimi nalipuuza kama kawaida yangu. Paa halivuji. Kuku wamepungua, kicheche amejua njia.

Mwanao amefika. Kondakta alimshusha mlangoni kama gunia la vitunguu, akanipa na kile kikaratasi chako. Nasema kikaratasi maana ile si barua. Unamtuma mtoto kwa mama yako mzazi na mistari mitatu! Mama, huyu anavuta unga, marafiki wa huku watammaliza, kaa naye. Usiweke simu ndani ya nyumba. Vidonge vya usingizi viko mfuko wa pembeni wa begi, ameze kimoja kila jioni. Basi. Hata shikamoo hakuna. Nilikulea mimi au ulilelewa na mbuzi?

Mimi naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Madarasa ya jioni ya watu wazima niliyasoma nikiwa na wajukuu, na mwalimu alisema herufi zangu ni kubwa lakini zinasomeka. Kwa hiyo wewe uliyekaa darasani mpaka ukachoka, usiniletee visingizio. Andika.

Ngongoti wetu tulimwita hivyo kwa urefu. Sasa ameongeza wembamba, amekuwa ngongoti kweli. Suruali kaifunga kwa kamba ya kiatu. Nilimwambia, "Karibu mume wangu, mbona umekuja bila zawadi?" Zamani angenijibu, "Zawadi ni mimi, bibi kizee." Safari hii alitazama juu ya mlango, kama mtu anayetafuta nyuki aliyeingia ndani, akasema, "Nani mwingine anakaa humu?" Nikamwambia ni mimi na pamba. Akauliza tena.

Simu uliyoninunulia nimempa kondakta akurudishie. Najua unaogopa ataiuza akanunue uchafu wake. Hapo umefikiri vizuri. Barua zetu zipite kwa huyuhuyu kondakta, ana mdomo mrefu lakini hafungui mizigo ya watu.

Mimi najua njia moja tu, kazi. Msimu huu nina magodoro mengi ya yule mwenye nyumba ya wageni. Ngongoti anachambua pamba, anaipura kwa fimbo, tunajaza, kisha tunashona wote wawili. Unakumbuka wewe ulivyokuwa unalia ukidungwa? Godoro linasimamishwa wima, mmoja upande huu, mwingine upande ule, hamwonani. Anayesukuma sindano anasema "Inakuja!" na wa upande wa pili akiidaka anasema "Nimeishika!" Asiposema, mtu anatobolewa kiganja. Nimemfundisha upya na hajasahau.

Nijibu. Na uniambie kwa nini ameacha chuo, maana yeye hasemi.

Mama yako


Tarehe 17 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, ile ya deni. Nisamehe, siku ile hata kalamu sikuishika vizuri.

Sisi hatujambo. Mziwanda amepanda darasa. Siku hizi analala kwa jirani, amepazoea huko. Kazini bado ni dobi ileile ya hoteli. Msimamizi amenitoa kwenye mashine ya pasi ameniweka kukunja mashuka mpaka mkono utakapopona, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kibarua kipo. Simu yako imefika salama. Yangu iliharibika na namba zote zimepotea nayo, sina hata namba moja ya mtu wa huko. Kwa hiyo andika, Mama. Andika kila kitu, hata kile unachoona ni kidogo.

Chuo tutazungumza siku nyingine.

Kuhusu vidonge nakuomba kwa magoti. Usiruke hata siku moja. Ni vya usingizi tu, lakini daktari alisisitiza sana. Na akikuuliza tena nani anakaa humu, mjibu kwa upole. Usimcheke. Usimwambie anaota.

Analala? Anakaa karibu na ukuta au katikati ya chumba? Nijibu hilo pia.

Mwanao


Tarehe 5 Machi

Binti yangu,

Marahaba zote mbili. Hapa tumeanza kupata mvua, goti lilitangulia kuniambia kabla ya redio ya jirani yangu fundi baiskeli.

Mkono gani? Umeandika "mpaka mkono utakapopona" kama vile mimi najua umeumia. Mkono umefanya nini? Na mtoto wa darasa la tatu analala kwa jirani kwa nini, kitanda chake kimekwenda wapi? Unaniuliza mjukuu wangu anakaa karibu na ukuta au katikati. Swali gani hilo, ni mtu au ni kabati?

Sasa nisikilize na usikasirike, na ukikasirika ni juu yako. Vidonge vyako nimevitupa.

Nilimpa kama ulivyosema. Kila asubuhi mtoto anaamka kama gunia lililolowa. Mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Anatembea kama anayekanyaga matope, mkono unatetemeka hata uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Nikakaa nikafikiri. Huyu kaletwa kwangu aache kilevi, na mama yake kamfungashia kilevi kingine kwenye mfuko wa pembeni, eti kwa kuwa hiki kimepitia hospitali. Kuacha ni kuacha. Mtu haachi huku anaendelea kule. Nikavimwaga chooni vyote na ndoo ya maji juu yake. Usingizi ataupata kwa kuchoka.

Na nilikuwa sahihi! Ungemwona sasa. Macho yamefunguka. Anakula mpaka nafunika sufuria. Juzi nilimwambia, "Mume wangu, pamba hiyo unaipura au unaibembeleza?" Akacheka, akasema, "Nafuata mfano wako bibi kizee, wewe unashona au unasinzia?" Nikageuka upande nijifute macho kwa kanga. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kukagua magodoro, akabonyeza kwa ngumi, akasema huyu kijana akitulia atakuwa fundi.

Kwa hiyo pumzika. Ulikuwa unamlea kama yai. Sisi hapa tunamlea kama mtu.

Mama yako


Tarehe 26 Machi

Binti yangu,

Nakusalimu bila kujua kama salamu inafika. Mto umebeba daraja. Basi linaishia ng'ambo, na barua zinavuka kwa mtumbwi siku maji yakitulia. Hata ile yangu ya mwanzo wa mwezi sijui kama ilivuka au imelala ofisini kwao. Kwako hajambo mziwanda? Mkono je?

Hapa hakuna tatizo. Nimetangulia kusema hivyo ili usisome kwa haraka.

Ngongoti halali vizuri, basi. Anaongea peke yake, lakini hata wewe ulipokuwa mdogo uliongea na vifaranga. Ameacha kula nilichopika mpaka mimi nionje kwanza mbele yake, nimeona ni utundu wa kunitania. Redio ya fundi baiskeli imemkera, akaenda kumwomba aizime, na fundi anasema ilikuwa imezimwa. Fundi naye masikio yake si ya kutegemea.

Sindano ndefu na mkasi mkubwa nimevihamishia chini ya kitanda changu. Ni kwa sababu ya kutu. Mvua hizi.

Lakini kuna neno moja nataka unifafanulie. Tulikuwa tunashona godoro la mwisho, yeye upande wake na mimi wangu. Kazi inakwenda, inakuja, nimeishika, inakuja, nimeishika. Akaniita kwa upande wa pili.

"Bibi."

"Nini?"

"Wewe unawasikia?"

"Nani, kuku?"

"Basi."

Tukashona tena. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeomba maji, "Nikivuta wananyamaza, bibi. Ndiyo maana nilivuta. Si kwa raha."

Nikamuuliza, wananyamaza akina nani? Nilikuwa nimesukuma sindano na kusema "Inakuja," nikasubiri. Sikusikia kitu. Sindano haikurudi. Nikazunguka godoro. Nimemkuta ameishika kwenye ngumi, sikio kalibandika kwenye kitambaa, macho yamefumbwa, anasikiliza pamba.

Nilimpokonya sindano kwa utani, nikamwita mvivu. Mikono yangu ilikuwa baridi. Ni mvua.

Mimi si mjinga, nina shule ndogo tu. Kuna kitu hujaniambia. Akina nani?

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya Machi tano nimeipata leo. Kondakta alikuwa nayo muda wote huo kwenye kasha la tiketi, basi lilikwama upande wenu wa mto.

Umevitupa.

Mama, havikuwa vya usingizi. Nilikudanganya. Ngongoti ni mgonjwa wa akili. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu, lakini maana yake ni kwamba anasikia watu wasiokuwepo, na anaamini wanataka kumuua, yeye na sisi wote. Wanamtukana mchana kutwa. Alianza kuwasikia chuoni, na unga akauanza baadaye ili awazibe midomo. Vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vinapunguza sauti. Ule ulegevu ulioona ni gharama yake, na tungeweza kurudi kwa daktari abadilishe. Ule uchangamfu uliofurahia ulikuwa wa muda mfupi. Aliwahi kuviacha hapa akachangamka hivyohivyo, nami nilifurahi kama wewe, kisha ikaja siku ya simu.

Alisikia sauti zikitoka kwenye simu yangu. Akaiweka sakafuni akaipiga kwa jiwe, nami kwa ujinga nikaweka mkono katikati nikiiokoa. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Hakunipiga mimi, Mama. Alikuwa ananiokoa. Mziwanda aliona yote, ndiyo maana halali hapa.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu nakujua. Mara ngapi umesimama kwenye misiba na harusi ukisema, katika ukoo wetu walevi wapo na wezi wapo, lakini mwehu hajazaliwa? Nilijua mvuta unga utampokea. Huyu mwingine sikujua kama utamfungulia mlango.

Sasa fanya hivi, nakuomba. Usibishane naye kuhusu anachosikia, na usijifanye unakisikia. Mwambie, "Mimi siwasikii, lakini naona unaogopa." Usimfungie ndani. Usimwite lile neno. Mpeleke hospitali kubwa, usisubiri nije. Barabara ikifunguka tu nakuja.

Nimempa mtu anayevuka kesho. Ninaogopa barua hii itakukuta umechelewa.

Mwanao


Tarehe 4 Aprili

Binti yangu,

Salamu baadaye.

Barua yako sijapata. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Leo asubuhi nilitoka kuchota maji. Niliporudi nyumba ilikuwa giza, jua linawaka nje. Madirisha yote amesindilia mito, ile mipya ya wateja, imebanwa mpaka hakuna tundu la mwanga. Nikasukuma mlango, hausukumiki, kuna godoro nyuma yake. Nilisukuma kwa mgongo. Ndani pamba imejaa kama moshi, nilikuwa naivuta puani. Magodoro yote ya mwenye nyumba ya wageni yamepasuliwa, na langu pia, na yeye yuko katikati, mikono imezama mpaka mabegani ndani ya godoro, anapekua.

"Funga mlango bibi, wameingia humu."

Mkasi ulikuwa chini ya kitanda changu, hakuugusa. Kitambaa kile kizito alikichana kwa meno. Midomo ilikuwa inatoka damu na pamba imeganda juu yake.

Nikapiga kelele. Nikasema, "Hakuna mtu humu, mwehu wewe!"

Limenitoka hivyo hivyo.

Akaacha kupekua. Akanitazama muda mrefu, si kwa hasira. Akasema, "Kumbe na wewe wameshakupata." Akaniambia kwa huruma, binti yangu, kama mtu anayempa pole mfiwa.

Akaanza kuja kwangu, na mimi nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwogopa. Huyu niliyemkogesha kwenye beseni, nilimwogopa, nikainua mkono kujikinga uso, na yeye aliona. Akageuka, akatoka bila viatu, akaelekea upande wa kiwanda cha zamani cha pamba.

Nimemtafuta kutwa. Fundi baiskeli amezunguka kwa baiskeli yake. Hayupo. Sindano moja ndefu siioni. Nimechambua pamba yote ya sakafuni kwa mikono, mkoba wa kazi mzima nimeumwaga, siioni.

Niandikie chochote.


Tarehe 13 Aprili

Binti yangu,

Yuko hai. Nimeweka hilo mwanzo, sasa kaa chini usome.

Barua yako ililetwa na mtu wa mtumbwi siku mbili baada ya Ngongoti kuondoka. Niliisoma nimesimama kwenye pamba. Kukugombeza nitakugombeza, usidhani nimesahau, na wewe una haki ya kunigombeza mimi, tutapangiana zamu. Ile ya mwehu hajazaliwa, niliisema. Niliisema nikiwa nimevaa vizuri, watu wananisikiliza. Nisingekuwa na mdomo huo ungeniambia.

Nilikuwa bado nimeishika barua mwenye nyumba ya wageni akaja kuchukua magodoro. Akaona. Nikamwambia, "Mjukuu wangu anaumwa akili, na ameyapasua yote, na amepotea, ukitaka kunitukana anza sasa hivi nina haraka." Yule bwana akavua kofia. Akasema ingia kwenye gari.

Mateja, wale wavuta unga, wanakaa kwenye banda la mizani, nyuma ya kiwanda. Niliingia na fimbo yangu ya kupuria. Mmoja akacheka, "Haa, bibi, na wewe umekuja kuvuta?" Nikamwambia, "Nitakuvuta masikio, mshenzi wewe. Kijana mrefu yuko wapi?" Akaacha kucheka, akanionyesha kwa kidevu, akaniambia, "Shikamoo bibi. Mchukue, huyo anatutisha hata sisi."

Alikuwa amejikunja chini ya mizani. Nywele zina pamba imelowa. Alikuwa ameshavuta. Akafungua jicho moja akasema, "Wamenyamaza." Binti yangu, alisema kwa amani ambayo sijamwona nayo tangu aje, na hapo ndipo nikaogopa kuliko siku ya magodoro, maana nilielewa anachokipata huko.

Nikasema maneno yako, kama nilivyoyakariri njiani. "Mimi siwasikii, lakini naona unaogopa." Akanitazama. Akauliza, "Ni bibi au ni wao?" Nilikaa chini nikamshika unyayo, umepasuka wote. Hakuuvuta. Tukambeba, mwenye nyumba ya wageni kwa mabega na mimi kwa miguu. Sindano ilikuwa mfukoni mwake, kaifunga kwenye kitambaa vizuri isimchome mtu.

Hospitali kubwa wakaturusha kama mpira. Wadi ya akili wakasema kwanza aachishwe unga, ndipo waone akili inasema nini. Wa unga wakasema kwanza akili itulie, hawawezi kumshika mtu anayepigana na ukuta. Huku tunaenda, huku tunarudi, na yeye anaanza kutetemeka na kutapika kwa kukosa. Niliwatukana wote, sitaki kukuandikia nilivyowatukana, na haikusaidia kitu. Aliyesaidia ni daktari mmoja msichana, mdogo kuliko wewe, aliyekuja na soda mkononi. Hakuinua sauti. Alisema yote mawili yatatibiwa pamoja, hapahapa, kwa sababu ukitibu moja, lile lingine linakaa linasubiri. Kisha akaniuliza, "Bibi, vidonge aliacha mwenyewe?"

Nikasema, "Nilivitupa mimi."

Hakunigombeza. Aliandika tu. Ningependa angenigombeza.

Yuko kwenye chumba peke yake, mlango una kidirisha kidogo juu, sikifikii. Haruhusiwi mtu kuingia bado. Hali chakula, anaamini kimetiwa sumu, na mtu wa kumwonjea hayupo. Kwa sasa wanamtia maji kwa mshipa. Daktari anasema siku hizi za mwanzo ndizo mbaya, moyo unaweza kuchoka. Aliposema hivyo aliniangalia usoni, hakutazama sakafu. Nilimheshimu kwa hilo.

Naandikia kwenye benchi la korido. Bwana wa gari ndiye anaipeleka.

Mama yako


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimezipata mbili kwa pamoja, ya tarehe nne na ya kumi na tatu. Nilisoma ya nne kwanza kwa sababu ndiyo ilikuwa juu, na sikuweza kufungua ya pili mpaka mziwanda akanifungulia, akasoma neno la kwanza kwa sauti.

Nimeomba ruhusa kazini. Msimamizi amesema mashuka ya wageni hayajikunji. Nimemwachia funguo za kabati la mashuka mezani na nimetoka. Mziwanda anabaki kwa jirani. Anasema nimwambie kaka yake kwamba simu mpya haijanunuliwa na haitanunuliwa mpaka aseme yeye.

Ninakuja mpaka mtoni, kisha nitavuka na yeyote.

Mama, huko nyuma ni mimi niliyekudanganya. Nilifikiri neno "usingizi" ni dogo, halimdhuru mtu. Tutapangiana zamu, kama ulivyosema.

Anakula? Mpe mtu yeyote hata kipande cha karatasi, kitanikuta mtoni. Andika anakula au hali. Hivyo tu.

Mwanao


Tarehe 22 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimempa barua hii mtu wa mtumbwi na nimemwambia, utamwona mwanamke anayefanana na mimi ila mwenye shingo, ndiye huyo.

Mimi mzima. Goti limekuwa na benchi lake maalumu hapa korido, wahudumu wanalijua. Wale kuku fundi baiskeli anawaangalia, kwa hiyo nategemea watapungua tena. Magodoro ya yule bwana nitayashona upya, amesema hana haraka, wageni wake walale kwenye mikeka wapate adabu.

Sasa nikwambie bila kukupaka mafuta. Naogopa. Daktari ameshaniambia hakuna siku watakayosema amepona, nenda zako. Anaweza kutulia akakaa vizuri mwaka mzima, kisha sauti zikarudi, au akatafuta unga tena, au vyote viwili. Vidonge vipya vitajaribiwa, vikimlegeza sana watabadilisha, na mimi nimeapa mbele yake kwamba sitagusa hata maganda yake. Naamka hapa kwenye benchi nikisikia viatu vinakimbia korido, na moyo unasimama mpaka vipite mlango wake.

Tangu nifike nilikuwa nagonga. Nilikuwa nasimama mlangoni nasema, "Inakuja!" Siku ya kwanza muuguzi wa zamu alinitazama nikajua anafikiria kama kuna kitanda cha ziada. Nikamweleza, sisi ni mafundi magodoro. Akasema, "Endelea bibi." Nikaendelea. Asubuhi naita, mchana naita. Ndani kimya, au anapiga kelele za kuwajibu wale wengine, si mimi. Juzi alisema nyuma ya mlango, kwa sauti ya kuchoka, "Hata sauti ya bibi mmeichukua." Nilikwenda chooni nikalia humo, nikanawa, nikarudi.

Leo nilichoka kuita vizuri. Nikagonga kwa fimbo nikasema, "Inakuja, na ukinichelewesha nakutoboa, goti linaniua hapa."

Nikasikia miguu inaburuzwa.

"Goti gani?"

"La kushoto. Mimi nina lingine bovu?"

Nadhani alikuwa anapima. Akasema, "Wao hawana magoti."

"Basi ni mimi."

"Ulijikinga uso, bibi."

"Nilijikinga. Niliogopa. Na sasa naogopa, na bado nipo."

Akapumua. Nilimsikia akikaa chini, mgongo kwenye mlango, upande ule. Na mimi nikakaa, na goti langu hili, sijui nitainukaje. Muuguzi akaleta uji. Nikasema ngoja. Nikaonja kijiko, nikasema kwa sauti, "Hauna chumvi, lakini hauui." Wakafungua kidogo wakampa. Nilisikia kijiko kinagonga bakuli. Mara chache, kisha kikaacha. Umeuliza anakula au hali. Andika kwamba ameonja.

Baadaye, nikidhani amelala, akasema yeye. Taratibu, kama mtu anayejaribu kama sauti bado ni yake.

"Inakuja."

Binti yangu, hakukuwa na sindano wala uzi. Mlango ni wa chuma. Nikaweka kiganja pale nilipoisikia sauti yake, na nikajibu haraka, maana anayesukuma hapaswi kusubirishwa.

"Nimeishika."

Njoo. Nimekuwekea nafasi kwenye benchi.

Mama yako